Lisbon hadi Granada kwa siku tisa: mwongozo kamili kwa mpenda historia

Safari nyingi za Ulaya huharibika kabla hata tiketi haijakatwa. Mtu anaorodhesha Paris, Roma, Amsterdam, Vienna na Athens, anazigawia siku kumi, kisha anarudi nyumbani na picha za vituo vya treni. Kila ukihama mji unapoteza nusu siku: kufungasha, kutoka hotelini kabla ya saa 5, kusubiri kituoni, kusafiri, halafu kukaa na begi hadi saa 9 alasiri chumba kipya kiwe tayari. Mpenda historia anahitaji uzi mmoja na miji michache iliyotungwa kwenye uzi huo.

Uzi wa mwongozo huu ni rasi ya Iberia: Andalusi ya Waislamu, iliyodumu tangu 711 hadi 1492, na Ureno ya wanamaji waliotia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498. Miji ni minne: Lisbon, Seville, Córdoba na Granada. Usiku ni nane, na Madrid ni mlango wa kutokea tu.

Anza na siku ya juma, si tarehe

Jumatatu ndiyo adui wa safari hii. Siku hiyo Monasteri ya Jerónimos ya Lisbon hufungwa, na makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa pia. Huko Hispania hufungwa Hifadhi ya Nyaraka za Indies (yaani makoloni ya Hispania) ya Seville, sinagogi la Córdoba na magofu ya Madinat al-Zahra. Jumapili nayo ina mambo yake, kwa sababu makanisa makuu hufunguliwa kwa ibada kwanza na kwa watalii baadaye. Mpangilio unaokwepa mitego yote hii ni huu:

Jumatano unatua Lisbon na kulala huko usiku tatu. Jumamosi unapanda basi kwenda Seville, usiku mbili. Jumatatu unachukua treni kwenda Córdoba, usiku mmoja. Jumanne alasiri unaelekea Granada, usiku mbili. Alhamisi ni treni ya Madrid na ndege ya jioni.

Kwa majira, chagua katikati ya Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Julai na Agosti joto la Seville na Córdoba hupita nyuzi 40, na ni joto kavu linalochoma kuliko la Dar. Epuka wiki ya Pasaka na ile ya maonyesho ya Aprili ya Seville, isipokuwa ndiyo unayoyafuata. Hoteli hupanda bei maradufu na barabara za katikati ya mji hujaa maandamano.

Viza

Ureno na Hispania zote ziko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, kwa hiyo viza ni moja. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Hapa Hispania ina usiku tano na Ureno tatu, hivyo unaomba Hispania, hata kama unatua Lisbon kwanza. Anayeomba Ureno kwa ratiba hii anajitafutia kurudishwa dirishani.

Dirisha la kuomba hufunguka miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45, kwa hiyo omba miezi mitatu kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Wa chini ya hapo halipiwi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifike angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na ifunike kila siku ya safari, ya kutua na ya kuondoka zikiwemo.

Maombi mengi hukwama kwa sababu karatasi hazisemi jambo moja. Hoteli inasema unaondoka tarehe 14, bima inaishia 13, ruhusa ya mwajiri inaanza 7 na ndege ni ya tarehe 5. Zipange zote mezani, uzipitie tarehe kwa tarehe. Jambo la pili ni pesa iliyoingia benki ghafla wiki moja kabla. Kama ni mauzo ya shamba au malipo ya chama, weka karatasi ya kuthibitisha. Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya viza. Weka nafasi tu, au nunua inayoweza kufutwa. Hoteli vilevile.

Mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada haombi viza hii. Ila Mtanzania au Mkenya anayeishi huko kwa kibali anaomba kama mwingine yeyote, na anaombea hukohuko anakoishi.

Tahadhari moja: kutoka kusini mwa Hispania, Tangier ya Moroko iko ng'ambo tu ya bahari, takriban saa moja kwa boti kutoka Tarifa, na inashawishi. Viza ya kuingia mara moja huisha ukivuka. Hutaruhusiwa kurudi Hispania.

Tiketi ya Alhambra hununuliwa kabla ya viza

Huu ni ushauri unaowashtua watu. Alhambra ya Granada, ngome na kasri za watawala wa Kiislamu wa ukoo wa Nasri, huuza idadi maalumu ya tiketi kwa siku, na katika miezi mizuri huisha wiki nyingi kabla. Bei iko karibu euro 20. Hasara ya viza kukataliwa baada ya kununua ni hiyo euro 20; hasara ya kufika Granada bila tiketi ni safari nzima. Nunua miezi miwili au mitatu kabla, kwenye tovuti rasmi, na uiambatanishe kwenye ombi la viza.

Tiketi unayotaka ni ile ya jumla, yenye sehemu tatu: Alcazaba, yaani ngome, Kasri za Nasri, na bustani za Generalife. Ipo nyingine rahisi zaidi ya bustani na ngome peke yake, na wengi huinunua wakidhani wamepata nafuu. Haiingii kwenye Kasri za Nasri, na kasri ndizo roho ya mahali pale. Wakati wa kulipia utachagua saa ya kuingia kasri hizo. Chagua 09:00 au 09:30, yaani saa 3 au 3 na nusu asubuhi. Zingatia tofauti hii kwenye kila tiketi ya safari yako: wapo waliofika saa 9 alasiri kwa tiketi ya saa 3 asubuhi.

Jina na namba ya pasipoti viandikwe vilevile vilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe uende nayo, kwa sababu mlangoni wanailinganisha na tiketi. Watoto wadogo hawalipi, lakini wanahitaji tiketi yao. Ukikuta zimeisha, jaribu kwanza ziara ya usiku ya Kasri za Nasri, kisha kadi ya jiji la Granada ambayo ina mgao wake wa nafasi, kisha kundi la mwongoza watalii mwenye leseni.

Baada ya Alhambra, kata tiketi ya Alcázar, kasri la kifalme la Seville, wiki tatu au nne kabla; nayo ina saa maalumu. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

Ndege, treni na basi

Kata tiketi ya kuingilia Lisbon na kutokea Madrid. Kwenye tovuti za mashirika ya ndege ni lile chaguo la miji mingi, na mara nyingi bei haipishani sana na ya kwenda na kurudi mji mmoja. Kurudi Lisbon kwa ajili ya ndege tu kunakula siku nzima. Kama unaunganisha kupitia Amsterdam, Frankfurt au Paris, ukaguzi wa Schengen unafanyika hukohuko, pamoja na alama za vidole na picha tangu mfumo mpya wa mipaka ulipoanza Oktoba 2025. Acha angalau saa mbili na nusu kati ya ndege na ndege. Ukipitia Istanbul, Doha au Dubai ukaguzi unakuwa Lisbon, na hapo kuchelewa hakukukoseshi ndege.

Lisbon kwenda Seville hakuna treni ya moja kwa moja. Watu hupoteza saa nzima mtandaoni wakiitafuta. Panda basi: saa sita na nusu hadi saba, kupitia Faro, hadi kituo cha Plaza de Armas, Seville. Kadiria euro 20 hadi 45. Hispania iko mbele ya Ureno kwa saa moja, hivyo basi la saa 3 asubuhi litakufikisha karibu saa 11 jioni, si saa 10. Usipange kuona chochote Jumamosi hiyo zaidi ya mto na chakula.

Seville hadi Córdoba ni dakika 45 kwa treni ya mwendo kasi, na zipo nyingi kwa siku. Córdoba hadi Granada ni kama saa moja na dakika 40, lakini treni ni chache, kwa hiyo kata mapema. Granada hadi Madrid ni saa tatu na nusu hivi. Treni hizi zina ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege, na lango hufungwa dakika chache kabla ya kuondoka; fika nusu saa mapema. Tovuti ya shirika la reli la Hispania, Renfe, wakati mwingine hukataa kadi za nje bila kusema sababu. Jaribu PayPal, au mawakala wa mtandaoni wanaouza tiketi zilezile kwa nyongeza ndogo.

Lisbon: dhahabu ya Kilwa

Alhamisi nenda mtaa wa Belém. Tramu namba 15 hujaa hadi mlangoni na wachomozi wanaipenda, sawa na ile 28 ya mjini. Bora treni ya njia ya Cascais kutoka Cais do Sodré, vituo vichache tu. Fika Jerónimos kabla haijafunguliwa. Foleni ya kanisa ni tofauti na foleni ya ua wa monasteri, na wengi husimama kwenye ile isiyo yao. Uliza kabla ya kusimama. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 chini ya Mfalme Manuel wa Kwanza, kwa ushuru wa bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki. Ndani ya kanisa, chini ya roshani ya kwaya, analala Vasco da Gama. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa katika karne ya 19. Kaburi limechongwa kamba, jahazi na tufe la pete la wanafalaki. Upande wa pili yuko mshairi Luís de Camões.

Mnara wa Belém uko umbali wa kutembea. Ulifungwa kwa ukarabati mwaka 2025, hivyo angalia hali yake kabla ya kulipa. Hata ukiwa umefungwa, utaona kila kitu cha maana ukiwa nje.

Ijumaa ndiyo siku ya msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, kuna Custódia de Belém: chombo cha dhahabu cha kuwekea Ekaristi, kile Wakatoliki wanachokiita monstransi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, nguo zao zimetiwa rangi ya enameli, na kwenye shina la chombo kuna matufe ya pete, nembo ya Mfalme Manuel. Sasa inama usome maandishi yanayozunguka kitako. Yanasema mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya *parias de Quiloa*, na kwamba kilimalizika 1506. Quiloa ni Kilwa. *Parias* ni kodi ya kunyenyekea, ile Vasco da Gama aliyomlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa mwaka 1502 kwa vitisho vya mizinga. Mwaka 1505, chombo kikiwa bado hakijamalizika, Francisco de Almeida aliuteka mji wenyewe, kisha akauchoma Mombasa. Jipe nusu saa mbele ya kabati hilo. Kabla ya kufunga safari, hakiki kwenye tovuti ya makumbusho kwamba ukumbi huo uko wazi, maana majengo ya Lisbon yamekuwa yakifungwa kwa zamu kufanyiwa matengenezo.

Alasiri panda Carmo, kanisa lisilo na paa tangu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Kutoka hapo unateremka Baixa, mitaa iliyonyooka ambayo waziri Marquês de Pombal aliijenga upya juu ya kifusi, nyumba zikiwa na fremu ya mbao ndani ya kuta ili zihimili tetemeko lingine. Ukiwa njiani soma vibao. Kila palipoandikwa *igreja* ni kanisa, na ndilo neno lililotupatia gereza. Kinachosikika mgahawani, *mesa* na *vinho*, kinajieleza chenyewe.

Seville

Jumapili anza na Alcázar asubuhi, kisha pita Hifadhi ya Nyaraka za Indies, ambayo haina kiingilio na Jumapili hufungwa mapema, saa 8 mchana. Kanisa kuu hufunguliwa kwa watalii baada ya hapo. Limejengwa palipokuwa msikiti wa Almohad, ukoo wa Kiislamu uliotawala Andalusi, na mnara wake, Giralda, ni mnara wa adhana wa msikiti huo, uliokamilika 1198, ukiongezewa kengele juu. Ndani hamna ngazi. Ni miinuko 35 hivi ya mteremko mpole, iliyowekwa ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama. Wenye magoti mabovu watashukuru.

Jumba la Alcázar linalosifiwa zaidi si la Waarabu, ingawa lina sura hiyo. Mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza, alilijenga kuanzia 1364 kwa mafundi wa Kiislamu.

Córdoba: ingia mara mbili

Wengi huipa Córdoba saa tatu kati ya treni na treni. Ni kosa. Lala usiku mmoja, kwa sababu Jumatatu hadi Jumamosi Msikiti-Kanisa Kuu hufunguliwa bure saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, bila makundi. Jumatatu alasiri ingia kwa tiketi, zunguka taratibu; Jumanne asubuhi rudi bure wakati nguzo hazina watu.

Abd al-Rahman wa Kwanza aliuanza msikiti mwaka 785 au 786. Zimebaki nguzo 856, nyingi zikitolewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Kigothi, na kwa kuwa zilikuwa fupi mafundi walipandisha matao mawili, moja juu ya lingine, ili dari iinuke. Tazama pia urefu wa nguzo moja moja: iliyokuwa ndefu mno ilizamishwa sakafuni. Mihrabu ya al-Hakam wa Pili, ya karne ya 10, ina mozaiki za mtindo wa Bizanti na imeelekea kusini, si upande halisi wa Makka. Katikati ya nguzo zote hizo linasimama kanisa lililopachikwa kuanzia 1523.

Kwa Waislamu: kuswali ndani hairuhusiwi, na walinzi huingilia hata kwa mtu mmoja anayerukuu. Ukitaka kuswali kwa utulivu, subiri Granada. Msikiti uliofunguliwa 2003 uko kando ya uwanja wa San Nicolás, mkabala na Alhambra.

Ukitoka msikitini Jumanne, wahi basi la Madinat al-Zahra, mji wa kasri ulioanzishwa 936 na Abd al-Rahman wa Tatu na kuharibiwa katika vita vya ndani hata karne haijatimia. Uko kilomita 8 hivi magharibi. Anza na jumba la makumbusho chini, kisha gari dogo linakupandisha kwenye magofu. Kwa miguu ni mlima bila kivuli. Jumla saa tatu na nusu. Mizigo iache hotelini.

Granada

Jumatano ni ya Alhambra tu. Basi dogo C30 hupanda kutoka Plaza Isabel la Católica. Ukiwa na tiketi kwenye simu huna haja ya kupitia dirisha la tiketi la juu. Shukia Mlango wa Haki, ambao uko karibu na Kasri za Nasri. Kutoka lango la juu ni dakika 15 za kutembea, na hapo ndipo watu hupitwa na saa yao. Ukichelewa, hawakuingizi. Pangilia hivi: kasri kwanza kwa saa yako, halafu ngome, halafu Generalife mchana palipo na kivuli.

Aliyesoma madrasa ana kitu ambacho watalii wengi hawana. Kwenye kuta, kwa urefu wa macho, mara mia na zaidi, limeandikwa *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mungu, kaulimbiu ya ukoo wa Nasri. Itafute kwanza kwenye ukanda ulio juu ya vigae. Ukishaizoea herufi zake utaiona kila kona. Katika Ua wa Simba, beseni linalobebwa na simba 12 wa marumaru limezungukwa na beti za mshairi Ibn Zamrak, zinazosifu maji yanayotiririka mbele yako.

Jioni shuka Kanisa la Kifalme, walikozikwa malkia Isabel na mfalme Fernando, Wakristo waliopokea funguo za mji tarehe 2 Januari 1492. Majeneza ni ya madini ya risasi, chini ya ngazi, madogo kuliko unavyotarajia. Chakula cha halali ni rahisi kupatikana mitaa ya Calderería, penye mikahawa ya chai ya Wamoroko.

Pesa na vidogo vinavyosumbua

Kadiria euro 80 hadi 150 kwa chumba cha wawili, au 25 hadi 45 kwa kitanda cha hosteli. Lisbon hutoza kodi ya watalii, euro 4 kwa mtu kwa usiku, nje ya bei ya hoteli. Mchana kula *menú del día*, mlo kamili wa bei moja, euro 12 hadi 18. Jikoni hufunguliwa saa 8 mchana na tena saa 3 usiku. Anayetafuta wali saa 12 jioni atakula mkate. Mashine ya pesa ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi, kataa, chagua euro. Laini ya simu ya Ureno inafanya kazi Hispania bila nyongeza. Plagi ni ya pini mbili za mviringo. Ya pini tatu ya kwetu haiingii.

Kutoka

Chagua treni ya Alhamisi inayofika Madrid angalau saa tano kabla ya ndege. Tiketi ya Renfe ya masafa marefu ina namba ya kukupa treni ya mjini bure: iingize kwenye mashine ya Cercanías, yaani treni hizo za mjini, kituoni Atocha, kisha panda treni ya T4, terminali ya uwanja wa ndege. Soma kwanza terminali iliyoandikwa kwenye tiketi ya ndege. T1 iko mbali na T4, kwa basi la bure linalozunguka kati yao, na ndege nyingi za T4 zinazotoka Schengen huondokea jengo la pili, T4S, unalofika kwa treni ya chini ya ardhi baada ya ukaguzi. Toka Atocha ukiwa na saa nne mkononi.